Singa Safi, Kifua Salama



Sisi wa Korogwe na Handeni tunaufahamu mkonge. Majani hukatwa shambani. Korona huyasaga, na singa huanikwa juani. Kisha singa hupelekwa kwenye brashi.

Mfanyakazi hushika kicha cha singa. Huingiza ncha moja katika mashine inayozunguka, halafu hugeuza ncha ya pili. Singa hutoka laini na zinang'aa. Lakini hapo ndipo penye vumbi jingi. Vumbi hilo huleta kikohozi na kubana kifua.

Wako wasemao, "Kunywa maziwa, vumbi litatoka." Mimi sikubali. Maziwa huenda tumboni. Vumbi limo kifuani. Dawa ni kulizuia lisiingie. Hewa ipite vizuri, vumbi livutwe nje kwa mashine, na kila mmoja apewe barakoa ya kufaa.

Hiyo si hisani. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri amkinge mfanyakazi wake.

Ndugu, sasa unajua kusoma na kuandika. Kaeni pamoja, andikeni ombi lenu, mlipeleke kwa mwajiri. Singa zikisafishwa, kifua nacho kisichafuliwe.