MLEVI HAPOI KWA KIKOMBE CHA CHAI



Wengi wenu mmekwisha kusikia habari ya mwenzetu wa zamu ya usiku, wa idara ya kufunga bidhaa, aliyetolewa nje kwa kusingiziwa ulevi. Kiwanda sitakitaja, maana shauri lake bado linasemwa. Lakini mimi nilikuwapo, basi nisikilizeni.

Mwenzetu huyu ana ugonjwa wa sukari. Hujidunga sindano ya insulini kabla ya chakula, kama alivyofundishwa na daktari. Usiku ule alijidunga karibu na saa ya kula. Saa ilipofika, mnyapara akasema, "Hapana kula sasa, malori yangoja." Tukaendelea kufunga. Haikupita saa moja, mwenzetu akaanza kutetemeka, jasho likamtoka kama mvua, ulimi ukawa mzito, na alipoulizwa neno akajibu jingine. Mnyapara akasema amelewa. Akashikwa mkono, akatolewa. Asubuhi barua ya kuachishwa kazi ilikuwa tayari.

Lakini askari wa langoni, ambaye mama yake ana ugonjwa huo huo, alimtazama mara moja akajua. Alichukua chai yake mwenyewe, akaikoroga kwa sukari nyingi, akamnywesha pole pole. Robo saa haikwisha, mtu akasema sawasawa, akauliza yuko wapi. Sasa sisi twawauliza wakubwa: ni mlevi gani duniani apoaye kwa kikombe cha chai?

Wako wasemao kwamba ugonjwa wa sukari ni wa matajiri, basi haufai kutajwa katika mambo ya chama. Maneno haya ni ya uongo, na hata baadhi yetu huyarudia. Ugonjwa huu haumwulizi mtu mshahara wake. Ndani ya tumbo, nyuma ya mfuko wa chakula, mna kongosho. Kongosho hutoa homoni iitwayo insulini, na insulini ndiyo ifunguayo mlango ili sukari itoke katika damu iingie mwilini, mtu apate nguvu. Kwa wengine kongosho huacha kabisa kuitoa, na hao hawawezi kuishi bila sindano. Kwa wengine, walio wengi zaidi, mwili hauitii insulini yake vema. Hao huanza kwa vidonge, na baadaye wengi huhitaji sindano pia. Mpakiaji mizigo anayo kongosho, na meneja anayo kongosho. Tofauti ni hii tu: meneja hula saa anayotaka.

Na dawa yenyewe ilipatikanaje? Mwaka 1921, katika mji wa Toronto, nchi ya Kanada, daktari Frederick Banting na kijana Charles Best walianza kazi katika maabara ya Profesa Macleod. Baadaye James Collip akajiunga nao ili kuisafisha dawa. Walitumia kongosho za ng'ombe kutoka machinjioni. Tarehe 11 Januari 1922 mtoto wa miaka 14, Leonard Thompson, aliyekuwa amekonda na kungoja kufa, alidungwa mara ya kwanza. Haikufaa, maana dawa ilikuwa bado chafu. Collip akaisafisha tena, na tarehe 23 Januari akadungwa mara ya pili. Sukari ikashuka, mtoto akainuka. Aliishi miaka 13 zaidi.

Angalieni sasa jambo hili. Banting, Best na Collip waliuza haki ya uvumbuzi wao kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola moja kwa kila mtu. Dola moja! Walifanya hivyo ili mtu mmoja asije akaishika dawa hii peke yake na kuwakamua wagonjwa. Lakini leo makampuni matatu, Eli Lilly ya Marekani, Novo Nordisk ya Denmark na Sanofi ya Ufaransa, yashika zaidi ya sehemu 90 katika kila 100 za soko la insulini duniani. Kule Marekani bei ilipanda hata watu wakawa wanapunguza dozi yao ili chupa isiishe upesi. Wagonjwa wakapiga kelele miaka mingi. Basi mwezi wa Machi 1923 ulipita zamani, na Machi 2023 makampuni yote matatu yakatangaza kupunguza bei ya baadhi ya insulini zao huko kwa asilimia 70 na zaidi. Kama bei ile ya kwanza ilikuwa ya haki, mbona ilishuka kwa kelele? Fundisho ni lile lile tulijualo sisi: anyamazaye hapewi.

Wakubwa husema tena, "Mgonjwa wa sukari hafai kazi ya zamu." Haya, na tuutazame utafiti. Toka mwaka 1983 mpaka 1993 madaktari wa Marekani na Kanada waliwafuata wagonjwa 1,441 wanaotumia insulini. Nusu walitibiwa kwa desturi ya siku zile. Nusu walipima damu mara nyingi na kuishika sukari karibu na kiasi cha mtu mzima. Waliojishika vema walipunguza hatari ya ugonjwa wa macho kwa asilimia 76. Yaani ajitunzaye huendelea kuona, na aonaye huendelea kufanya kazi. Lakini utafiti ule ule ulionyesha jambo la pili: hao waliojitunza sana ndio walioshukiwa na sukari ghafula mara nyingi zaidi, karibu mara tatu kuliko wenzao. Fahamuni maana yake. Mfanyakazi amtiiye daktari ndiye hasa ahitajiye kula kwa saa yake na kuwa na kitu kitamu mfukoni. Kumnyima chakula kwa ajili ya malori ni kumwadhibu kwa utiifu wake.

Husema pia, "Dawa hii yataka friji, nasi hatuna friji ya wafanyakazi." Neno hili nalo limekwisha kujibiwa, tena hapa hapa Kenya. Katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, huko Dadaab, waganga wa Médecins Sans Frontières walipima joto la nyumba ambazo wagonjwa huweka insulini: lilikuwa kati ya digrii 25 usiku na 37 mchana. Kisha katika maabara ya Chuo Kikuu cha Geneva insulini ikawekwa katika joto la namna hiyo hiyo wiki nne. Nguvu yake haikupungua kuliko ile iliyokaa katika baridi. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 2021. Basi chupa iliyofunguliwa haihitaji jumba la barafu. Yahitaji kivuli, mahali safi, na mbali na bomba la mvuke. Lakini kuna kazi ambako mfuko wa mtu huachwa langoni chini ya bati lenye kuwaka jua, na dawa imo ndani. Je, hiyo ni haki?

Nanyi wanachama, ninyi pia nawasema. Acheni kumcheka mwenzenu ajidungaye sindano na kumwita mtu wa madawa ya kulevya. Acheni kuuficha ugonjwa wenu hata siku mnapoanguka. Na yule achuuzaye chupa za mizizi kwenye stendi ya basi, asemaye "tupa sindano, kunywa hii," huyo ni adui yenu sawa na mnyapara mbaya. Mwenye kuhitaji insulini akiiacha, hafiki mbali.

Sheria yasemaje? Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 34, yamtaka mwajiri ahakikishe dawa ifaayo kwa wafanyakazi wake wanapougua. Kifungu cha 41 chasema kwamba kabla ya kumfukuza mtu kwa kosa au kwa udhaifu wa mwili, lazima aelezwe sababu kwa lugha aifahamuyo, mbele ya mwenzake au mjumbe wa chama amtakaye. Mwenzetu hakuelezwa neno. Na tangu Oktoba 2024 sisi sote twakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa bima ya afya. Hatuombi sadaka.

Kwa hiyo twataka mambo haya yaandikwe katika mapatano yajayo:

(1) Saa ya chakula ya mgonjwa wa sukari isisogezwe, na aruhusiwe kula au kunywa kitu kitamu mahali pake pa kazi bila kuomba ruhusa.

(2) Sukari iwekwe katika kila sanduku la huduma ya kwanza, na wanyapara wafundishwe dalili za sukari kushuka. Wafundishwe pia kwamba aliyezimia hatiwi kitu kinywani, bali hupelekwa hospitali mara moja.

(3) Pawe na mahali safi penye kivuli pa kuweka dawa na kujidunga.

(4) Siku ya kliniki isihesabiwe kuwa mtu amekosa kazini.

(5) Mtu asifukuzwe kwa neno "ulevi" kabla daktari hajampima na mjumbe hajaitwa.

Ndugu, mambo haya matano gharama yake ni ndogo. Kilo moja ya sukari haitafilisi kiwanda. Wale wa Toronto waliitoa kazi yao kwa dola moja ili watu waishi. Mwajiri wetu ashindwe kutoa nusu saa ya kula? Njoni mkutanoni, mseme wazi, na mwenzetu arudishwe kazini.

UMOJA NI NGUVU.

Mjumbe wa Zamu ya Usiku