Kapeti ya Siku 30 Ilikuwa Uongo Wangu

Wacha nianze na kitu kinachoniuma.

Mwaka jana niliposti video ya sekunde 20. Siku ya kwanza: tangi dogo la samaki, udongo mtupu, maji safi. Halafu siku ya 30: kapeti ya kijani imejaa kutoka kioo hadi kioo, samaki wadogo wanapita juu yake kama watu wa Jumapili pale Uhuru Park. Video hiyo iliwafikia watu wengi kuliko kitu kingine chochote nimewahi kufanya.

Sasa ukweli. Ile kapeti haikukua kwangu. Nilinunua mikeka ya mimea ambayo msee mwingine alikuwa ameshaikuza, nikaipanga juu ya udongo, nikangoja maji yatulie, nikawasha kamera. Siku yangu ya 30 ilikuwa siku ya tatu.

Nilijiambia si mbaya hivyo, kila mtu anafanya. Kisha kijana mmoja wa kidato cha tatu akaniandikia: "Niaje boss. Nilinunua ile mimea nikapanda vile ulionyesha. Imegeuka uji. Nimemaliza doh yote ya likizo. Nilikosea wapi?"

Jibu sahihi lilikuwa, "Hukukosea. Nilikudanganya." Mimi nikamwandikia, "Ongeza taa."

Wiki mbili baadaye akanitumia picha. Tangi limejaa nyuzi za kijani hadi udongo hauonekani. Akasema amempa binamu yake hilo tangi, yeye ameachana na hizo mambo.

Ndiyo maana naandika leo. Najua wengi wenu mnaishi bedsita ama bado mko kwa wazazi, mna katangi kadogo mezani na ndoto ya kapeti ya kijani. Maoni yangu ni haya: panda mimea inayokua polepole, na usiamini mtu yeyote, mimi nikiwemo, ambaye hakuonyeshi miezi ya katikati.

Kwanza tuelewane kwa nini mimea ya yule kijana ilikufa. Alinunua Hemianthus callitrichoides, ile watu wanaita tu "Cuba" juu asili yake ni huko. Majani yake ni madogo kuliko kichwa cha njiti ya kiberiti, na ikijaa tangi ni urembo wa kutisha. Lakini mmea hujijenga kwa kaboni. Hewani, kaboni dayoksaidi inafika kwenye jani bila shida. Ndani ya maji, gesi hiyo husambaa polepole takriban mara 10,000 kuliko hewani. Maji yaliyotulia kwa tangi la kawaida huwa na karibu nusu miligramu ya gesi hiyo kwa kila lita. Wale wasee wa video wanaiingiza kutoka kwa mtungi hadi wafike karibu miligramu 30. Piga hesabu: wanalisha mimea yao mara sitini kuliko wewe, halafu wanakuambia siri ni upendo. Mtungi wameuficha ndani ya kabati.

Kuna kingine hawasemi. Mimea mingi ya dukani hukuzwa majani yakiwa hewani, mizizi pekee ndiyo iko kwa unyevu. Ukiizamisha, majani ya zamani yanaoza na mmea unalazimika kuota mapya yanayoweza kuishi majini. Kwa hivyo mwezi wa kwanza karibu kila tangi ni baya. Hata langu. Hata la yule unayemfuata mwenye taa za zambarau.

Na ile "ongeza taa" yangu? Ni kama kumpigia fundi kelele ajenge haraka na hujamletea simiti. Mmea hauwezi kutumia mwangaza wote huo bila kaboni. Anayefurahia ni mwani, zile nyuzi za kijani. Kwa ufupi, mimi ndiye niliyemmalizia yule kijana tangi lake.

Sasa njoo kwa mimea ya polepole. Nina miwili ninayoitetea. Wa kwanza ni Cryptocoryne parva, asili yake Sri Lanka, mdogo kuliko ndugu zake wote wa jamii ya Cryptocoryne. Wa pili ni Marsilea hirsuta wa Australia. Huu kwa kweli ni jamii ya kangaga, lakini unaweza kudhani ni majani ya klova. Hiyo yote haihitaji mtungi. Inaomba kidogo juu inajenga kidogo. Parva inaweza kukaa wiki nzima na hujaona kitu kipya, halafu siku moja unaona jani moja jembamba limesimama, unaita watu waje waone, na watu hawaoni.

Mathe wangu alipita kwangu mwezi wa nne wa hili tangi. Akainama, akaangalia, akauliza, "Na haya majani yako bado hayajaota? Mimi sukuma wiki ningekuwa nimechuma mara ngapi?" Sikuwa na jibu. Lakini mathe huyo huyo alipopanda nyasi kule nyumbani, alidunga kishina kimoja kimoja mchangani, akazungushia kamba, akatukataza kukanyaga. Hakuna mtu aliuliza mbona haijafunika kufikia Jumamosi. Kila mtu Kenya anajua nyasi inapandwa na kungojwa. Kumbe tukiweka nyasi ndani ya maji na kamera mbele yake, tunasahau.

Tangi langu ni sentimita 40 kwa 25 kwa 25, yaani lita 25. Niko mwezi wa saba na kapeti imefunika kama nusu. Nusu! Na bado nasema ni uamuzi bora nimefanya.

Moja, ni maisha yetu halisi. Stima ikipotea usiku mzima, kapeti ya polepole haishtuki. Ukienda ushago wiki moja, hurudi kupata msitu. Ile ya haraka inataka kukatwa kila mara. Ukizembea inajaa juu, sehemu ya chini inakosa mwangaza na kuoza, kapeti nzima inang'oka na kuelea kama chapati kwa mafuta.

Mbili, haraka si afya. Sisi Wakenya ndio tungefaa kuwa wa kwanza kujua hili. Gugumaji lilitoka Amerika Kusini, likapelekwa nchi nyingi kwa sababu ya maua yake mazuri, na kufikia miaka ya 1990 lilikuwa limefunika ghuba za Ziwa Victoria hadi mashua zikakwama. Ni mimea michache inayokua kama huo, na uliza wavuvi wa Kisumu kama wanaufurahia. Na hapo hapo: mmea wowote ukiutoa kwa tangi, usiutupe mtoni wala kwa mtaro. Ukaushe kabisa kwa jua, kisha uweke kwa takataka.

Tatu, na hii ndiyo inanigusa zaidi: mmea wa polepole hauwezi kukusaidia kudanganya.

Najua kuna mtu atanitajia Takashi Amano. Sawa, tumtaje. Huyo ndiye mpiga picha wa Japani aliyeifanya dunia ione tangi la samaki kama mandhari ya milima na misitu. Alizipenda kapeti za haraka, na alitumia gesi bila kuficha. Kazi yake kubwa aliifanya Lisbon, Ureno, kwenye Oceanário: tangi la urefu wa mita 40 lililofunguliwa 2015, mwaka huo huo aliofariki. Sina ugomvi naye hata kidogo. Ukiwa na mtungi, taa nzuri na muda wa kukata, panda Cuba na uitunze. Shida yangu ni kuona picha ya msee mwenye kila kitu ikiuzwa kwa mtu mwenye lita 25 na taa ya kusomea, bila kumwambia tofauti.

Na sitaki kukudanganya mara ya pili, kwa hivyo sikia ubaya wa hii njia yangu. Mmea wa polepole unabaki na jani moja muda mrefu, na mwani unapenda jani lisilosonga. Ndiyo maana taa yangu inawaka saa sita hadi saba tu kwa siku, kwa kiwashio cha saa, si kwa kukumbuka. Tangi haliko dirishani, maana hapa kwetu jua linakaa karibu saa 12 mwaka mzima na mwani hauna likizo. Nyuma nimeweka mimea mirefu inayokua haraka ili inyonye chakula kilichozidi kabla mwani haujakifikia. Konokono wangu wadogo wanasafisha vioo. Kila wiki natoa theluthi ya maji na kurudisha ya mfereji, na kwa sababu maji yetu yana klorini, huwa nayatibu kwanza kwa dawa ya kuondoa klorini. Karibu na mizizi nafukia vidonge vya mbolea, juu Cryptocoryne inapenda kula kwa mizizi.

Makosa yangu mawili makubwa? Nilinunua vikombe vitatu, vingefaa kuwa sita, kwa sababu mmea wa polepole unauficha udongo kwa wingi unaoanza nao. Na mwezi wa pili, majani yalipoyeyuka, niling'oa miche kumi nikidhani imekufa. Mizizi ilikuwa hai, mieupe kabisa. Nilitupa mimea mizima kwa sababu sikuweza kuvumilia kuiangalia ikiwa mibaya. Sai nikikumbuka hiyo mizizi nasikia aibu.

Usinianzie na haraka haraka haina baraka, tumeisikia tangu shule ya msingi. Kuna watu wana haraka na wanapata baraka zao vizuri tu. Ninachosema ni kidogo zaidi: kama unaonyesha watu kitu kilichochukua muda, onyesha huo muda. Si ukarimu. Ni deni. Nyuma ya simu kuna mtu anayeweka akiba yake kulingana na ulichomwambia.

Ile video nimeitoa. Mwezi uliopita nilimwandikia yule kijana, nikamweleza yote, nikamwambia nina miche ya parva yake akiitaka. Alama za bluu zinaonyesha amesoma. Hajajibu, na hana lazima ya kujibu. Miche ameshatengewa, iko kwa glasi karibu na tangi. Wiki hii imetoa jani moja.

Kuanzia sasa nitaposti tangi langu kila tarehe moja ya mwezi, likiwa zuri ama likiwa baya. Na wewe tuma lako. Usitume ile picha nzuri. Tuma ya leo.