Ndege Wetu, Kamera Zetu

Wapiga picha wa ridhaa wa Bukoba na Muleba tunaandaa shindano la picha za ndege. La kirafiki, eti! Kwa Wahaya tusiojua kushindwa kimya kimya, hilo neno linanipa presha.

Mwenye lenzi ndefu kama mkono hawezi kupimwa na mwenye simu, kwa hiyo makundi ni mawili. Picha za ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyoanzishwa 2019, hazipokelewi. Si kwa ubaya, ni kiingilio tu, mifuko hailingani. Furukombe, mnandi na mdiria wapo bure kandokando ya Ziwa Victoria. Jaji anapewa picha zisizo na majina, maana mume kumpa mkewe maksi za huruma tunakujua.

Ila palipochimbika ni kwenye viota. Nimesema picha ya kiota haipokelewi, shosti mmoja akanuna wiki nzima. Jamani, korongo taji, yule wa kwenye bendera ya Uganda, yuko kwenye orodha ya ndege walio hatarini duniani tangu 2012. Anataga chini, kwenye maeneo oevu. Ukimkurupusha, mayai yanabaki wazi. Kurusha dagaa kumvuta furukombe, hapana. Kumwita ndege kwa sauti ya simu, hapana pia.

Mshindi anatengenezewa fremu, walioshindwa wananunua senene. Tunaanza Jumamosi, saa 12 alfajiri, ufukweni Bukoba. Aliyenuna naye kathibitisha.