Nauli ya kilometa: Mkulima wa Kilosa ajue anacholipia

MFANYABIASHARA mdogo wa Kilosa au Mikumi anajua bei ya debe la mahindi, anajua ushuru wa mazao na anajua mfuko wa mbolea unauzwaje. Jambo ambalo wengi hawalijui sawasawa ni nauli. Hulipa anachotajiwa na kondakta, tena mara nyingi akiwa amekwishakaa kwenye kiti. Hilo ni pengo kubwa, kwa sababu nauli ya basi la mikoani haipangwi kwa kukisia. Inapangwa kwa kilometa, na yeyote anayejua kuzidisha anaweza kuipata.

Utaratibu wenyewe si mgumu. Serikali, kupitia mamlaka ya udhibiti, hutangaza kiasi ambacho abiria mmoja anaweza kutozwa kwa kilometa moja. Kazi hiyo ilikuwa ya SUMATRA hadi mwaka 2019, ilipoundwa LATRA. Mwaka 2013 kiwango cha basi la daraja la kawaida kilipangwa kuwa Sh36.89. Mwaka 2022 kikapanda hadi Sh41.29, na Desemba 2023 kikatangazwa kuwa Sh48.47. Basi la daraja la kati lilipangiwa Sh67.84. Kwa maneno mengine, katika miaka 10 hiyo kilometa ya daraja la kawaida ilipanda kwa asilimia 31 hivi.

Chukua mfano wa barabara ya lami ya Dumila hadi Rudewa, ambayo ni kilometa 45. Kwa kiwango cha Desemba 2023, kilometa 45 mara Sh48.47 ni Sh2,181. Safari ya kilometa 70 ni Sh3,393. Katika basi la daraja la kati, safari hiyo hiyo ya kilometa 70 inafika Sh4,749. Kwa hiyo swali la kwanza la abiria liwe ni kilometa ngapi, na la pili liwe basi ni la daraja gani. Ikumbukwe pia kwamba kiwango kinachotangazwa ni cha juu kabisa. Mwenye basi haruhusiwi kukizidi, lakini hakuna anayemzuia kutoza chini yake.

Mijini hesabu ni tofauti kidogo. Daladala za Dar es Salaam hazihesabiwi kilometa moja moja, bali kwa mafungu. Desemba 2023 fungu la kwanza, yaani hadi kilometa 10, lilipandishwa kutoka Sh500 hadi Sh600. Anayeshuka kilometa ya pili na anayeshuka kilometa ya tisa wanalipa sawa. Utaratibu huo unarahisisha chenji, lakini mwenye safari fupi ndiye anayembebea mwenye safari ndefu.

Huku Mikumi tatizo hilo hujitokeza kwa sura nyingine. Mji huo uko kwenye barabara kuu ya kwenda Iringa na Mbeya, na mabasi mengi yanayopita hapo yanakwenda mbali. Abiria wa safari fupi anapopanda, huweza kuambiwa alipe nauli ya kituo cha mbele zaidi ya anakoshuka. Wenye mabasi nao wana hoja: akishuka njiani, kiti kinabaki kitupu. Tena kuna kilometa zipatazo 50 ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ambako hakuna kijiji cha kupakia abiria na mwendo umewekewa kikomo kwa ajili ya wanyama. Hata hivyo, kilometa hizo tayari zimo kwenye nauli ya kila anayezipita. Si haki mtu alipie kilometa ambazo hakusafiri.

Barabara ya Kilosa hadi Mikumi kupitia Ulaya ina somo lake. Kwa miaka mingi sehemu yake kubwa imekuwa ya vumbi. Kilometa ya vumbi si sawa na kilometa ya lami. Gari linalokwenda polepole hupiga safari chache kwa siku, matairi na springi huisha mapema, na masika hukatisha njia. Ndiyo maana mabasi makubwa hukimbilia lami, na wanaobaki ni wenye Noah na bodaboda wanaotoza kwa mapatano. Kwa mkulima, lami ni zaidi ya raha ya safari. Ndiyo inayoleta magari mengi, na magari mengi ndiyo yanayoshusha nauli.

Reli ya kisasa nayo imeleta kipimo kipya. Safari za abiria zilipofika Dodoma mwaka 2024, nauli ya daraja la kawaida ilitokana na Sh69.51 kwa kilometa, na kutoka Dar es Salaam hadi Kilosa ikawa Sh18,000. Lakini treni hiyo haipiti Mikumi. Mtu wa Mikumi anayetaka kuipanda Kilosa lazima kwanza ajumlishe nauli ya barabara, la sivyo atadhani amepata nafuu ambayo haipo.

Kwa nini yote haya ni muhimu? Tuseme mchuuzi anasafiri kilometa 70 kwenda kununua kilo 60 za bidhaa, kisha anarudi. Kwa kiwango halali, nauli yake ya kwenda na kurudi ni Sh6,786, sawa na Sh113 kwa kila kilo, kabla ya malipo ya mzigo unaozidi kilo 20 ambazo abiria anaruhusiwa bure. Akitozwa Sh5,000 kila safari, anatumia Sh10,000, yaani Sh167 kwa kilo. Tofauti ya Sh54 kwa kilo inaonekana ndogo, lakini kama faida yake ilikuwa Sh100, zaidi ya nusu imebaki kwenye basi.

Hatua za kuchukua si za gharama kubwa. Halmashauri ya Wilaya ya Kilosa na LATRA wabandike kwenye vituo vya Kilosa, Mikumi na Dumila ubao unaoonyesha kila kituo, kilometa zake na nauli ya kila daraja, vikiwemo vituo vidogo vya katikati. Tiketi ionyeshe mahali pa kupanda na pa kushuka. Wenye mabasi wauze kiti kwa vipande, ili kinachoachwa Mikumi kipate abiria mwingine wa kuendelea mbele.

Wakulima nao wadai tiketi, kwa sababu lalamiko lisilo na tiketi halina miguu. Na wenye mizigo mingi waungane kukodi lori moja badala ya kila mmoja kupandisha magunia yake kwenye basi. Mkulima hupima mahindi yake kwa mizani kabla ya kuuza. Safari nayo ina mizani yake, na ni kilometa.