Tusingoje VAR kulinda vichwa vya wachezaji

Natoa maoni yangu juu ya jambo ambalo wapenzi wa soka wamelizungumza sana, yaani mitambo ya marudio ya picha inayomsaidia mwamuzi, maarufu kwa jina la VAR.

Tangu tarehe 5 Aprili, 2024, Yanga ilipotolewa na Mamelodi Sundowns kule Pretoria, mabishano haya hayajaisha vijiweni. Shuti la Aziz Ki liligonga mwamba, mpira ukadunda chini, na wengi wetu tukaamini kuwa ulivuka mstari. VAR ilikuwapo, lakini bao halikukubaliwa, na Yanga ikatoka kwa penalti 3-2. Yafaa tukumbuke basi kwamba mitambo huonyesha tu. Anayeamua ni binadamu.

Lakini mimi sitaki kuzungumzia bao. Miongoni mwa mambo ambayo VAR huangalia ni bao, penalti, kadi nyekundu ya moja kwa moja, na mchezaji aliyeadhibiwa kwa kosa la mwenzake. Katika hilo la kadi nyekundu yamo makosa ya kiwiko usoni na mguu wa juu kichwani. Wanaocheza mbele ya kamera wana ulinzi huo. Je, sisi wa Ngara na Biharamulo? Mechi ikichezwa Rulenge, Kabanga, Nyakahura au Nyakanazi, macho yaliyopo ni ya mwamuzi na wasaidizi wake, basi. Kijana akigongwa kichwa akaanguka, humwagiwa maji, huinuliwa, na kuambiwa arudi uwanjani aonyeshe uanaume. Mtindo huu ni wa hatari na haufai kuendelea.

Tutazame wenzetu wa Marekani, ambao mpira wao huchezwa kwa kuvaa kofia ngumu. Wana fedha na kamera nyingi kuliko sisi. Mwaka 2018 ligi yao ya kulipwa, NFL, ilipiga marufuku mchezaji kuinamisha kichwa na kumgonga mwenzake kwa kofia. Ni mwaka 2025 tu ndipo waliporuhusu marudio ya picha yamsaidie mwamuzi katika adhabu za kumgonga kichwani mchezaji asiyeweza kujikinga. Na hata hapo, picha zinaweza kuondoa adhabu iliyotolewa kimakosa, lakini haziwezi kutoa adhabu ambayo mwamuzi hakuitoa. Kwa hiyo hata wao wenye kila kitu walitangulia kuandika sheria, mitambo ikafuata.

Ndugu Mhariri, sheria sisi tunayo. Sheria za soka zinamwagiza mwamuzi asimamishe mchezo anapoona mchezaji ameumia vibaya. Tena tangu Julai 1, 2024, zinaruhusu mashindano kuweka kanuni ya mchezaji wa akiba wa ziada, kwa ajili ya aliyepata mtikisiko wa ubongo. Anayetolewa kwa sababu hiyo harudi tena katika mechi ile, na timu pinzani nayo hupewa nafasi moja ya kubadilisha, ili pasiwe na malalamiko. Kanuni hiyo haihitaji umeme wala kamera. Inahitaji kalamu na kikao cha viongozi.

Hivyo natoa mwito kwa vyama vya soka vya wilaya zetu, na vya wilaya nyingine nchini, viandike kanuni hiyo katika mashindano yao. Pili, mechi isianze mpaka kuwe na sanduku la huduma ya kwanza na mtu anayejua kulitumia. Tatu, waamuzi wasiogope kelele za mashabiki. Kiwiko cha makusudi kichwani ni kadi nyekundu, hata kama aliyekipiga ni nyota wa kata. Nanyi walimu wa timu, mchezaji anayelalamika kizunguzungu msimwite mwoga.

Sipingi VAR. Ije, na siku moja ifike hata huku kwetu. Lakini vijana wetu wanacheza wiki hii, na wengi wao Jumatatu wanatakiwa darasani au shambani wakiwa na akili timamu. Wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba.

Mpenzi wa Soka,
Rulenge, Ngara.