Pesa za Inua Jamii hazihesabu watoto

Mwandishi wa makala kuhusu wazazi wenye ulemavu na kesi za malezi ya watoto, umeeleza vyema mambo ya mahakama, ila umepita mbio pale panapouma: mzazi mwenye ulemavu akishakabidhiwa mtoto, atamlisha nini? Inua Jamii, posho ya serikali ya Kenya, kwa wenye ulemavu mkubwa ni shilingi 2,000 kwa mwezi, uwe peke yako au na watoto watatu. Mtoto akihamia kwako kwa amri ya hakimu, haiongezeki hata senti.

Kinachoniudhi zaidi ni masharti. Mpango huo unamlenga mtu anayehitaji mwangalizi saa zote. Sasa mama wa kiti cha magurudumu akaseme nini mahakamani? Akipokea pesa hizo, wakili wa upande wa pili ana hoja tayari: huyu mwenyewe anatunzwa. Akionyesha anajimudu, hafuzu. Jirani yangu, fundi cherehani anayetumia kiti cha magurudumu, aliulizwa na afisa nani atamwogesha mtoto. Wa miaka saba, anayejiogesha! Jiko lake amelipanga chini, unga, sufuria na mtungi wa maji vyote anavifikia akiwa ameketi. Hayo hayakuandikwa popote.

Katiba, kifungu cha 53, inataka maslahi ya mtoto yatangulie. Basi amri ya malezi ikitolewa, nakala iende moja kwa moja ofisi ya ustawi wa jamii, na posho ya mtoto ianze mwezi huohuo bila mama kurudi kwa chifu kupanga foleni. Na baba asidhani ulemavu wa mama umemfutia matunzo. Sheria ya Watoto ya 2022 inawabana wote wawili.