Nasaba na Mchele

Elimu ya nasaba ina heshima kubwa katika pwani yetu, wala sikukusudia kuitia dosari. Mtoto wa Unguja au Pemba aghalabu hulijua jina la babu wa babu yake kabla hajaijua hesabu ya kuzidisha. Lakini siku hizi imezuka nasaba ya namna nyingine, ambayo haikai vinywani mwa wazee bali hukaa katika bahasha. Hutafutwa ili ipelekwe mbele ya karani wa Masqat, na karani akiridhika, mwenye bahasha hupewa uraia wa Omani na pasi ya kusafiria. Ugomvi wangu ni juu ya nasaba hii.

Kijana mmoja, mwanafunzi hodari, alinijia na barua kuukuu iliyoandikwa kwa Kiswahili katika herufi za Kiarabu, akaniomba niinukuu kwa herufi za leo na kuithibitisha kwa sahihi yangu. Ndani yake babu wa babu yake alijitaja kwa jina lake, na la baba yake, na la kabila lake la Omani, ushahidi ulioje! Mistari michache chini yake, mzee huyo aliusia sehemu ya shamba la mikarafuu kwa mwanamke aliyemwita mzazi wa mwanangu. Jina la mwanamke huyo ni la ua, wala baba yake hakutajwa. Aliyezoea kusoma barua za zama zile hahitaji kuelezwa kwamba huyo alikuwa suria. Kijana akaniomba, kwa adabu nyingi, mstari ule niuache.

Nilimwuliza sababu. Akasema utaharibu mambo. Hapo ndipo nilipogundua kwamba hakuijua hata sheria aliyokuwa akiikimbilia. Uraia wa Omani hufuata baba katika hali zilizo nyingi, na sheria ya dini tangu kale imemhesabu mwana wa suria, akikubaliwa na baba yake, kuwa huru na sawa na nduguze. Seyyid Said alipofariki mwaka 1856, Majid na Barghash waliokuja kutawala Unguja baada yake wote wawili walikuwa wana wa masuria; mama yake Barghash alikuwa Mhabeshi. Binti yake Salme, aliyeolewa na Mjerumani akaitwa Emily Ruete, alichapisha habari za maisha yake mwaka 1886, akamweleza mama yake Mcherkesi bila ya kuficha uso. Ikiwa binti wa sultani hakuona haya, mjukuu wa mwenye mikarafuu anaona haya ya nini? Karani wa Masqat hakuomba bibi huyo afutwe. Aliyeomba ni kitukuu chake.

Watu watasema kwamba kutafuta asili ni haki ya kila mtu. Ni haki, lakini asili ya kijana huyu ni pamoja na kijiji fulani cha bara, pengine cha Wayao, pengine cha Wanyasa au Wamanyema, alikotekwa msichana mmoja akashushwa pwani. Kijiji hicho hakitoi pasi, na kwa hiyo hakitafutwi. Mtu mwenye mababu wanane hachagui mmoja kati yao kwa sababu ya damu. Huchagua kwa sababu nyingine, kisha huipaka damu.

Wala si jambo jipya. Baina ya sensa ya 1924 na ile ya 1931, idadi ya watu wa Unguja waliojiandikisha kuwa Waswahili ilianguka mno. Hawakufa kwa tauni wala hawakuhama kwa majahazi; walibadili jina. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, serikali ya Waingereza ilipogawa chakula kwa kufuata taifa la mtu, aliyeandikwa Mwafrika alipata mchele pungufu kuliko aliyeandikwa Mwarabu, na watu wengi wakakumbuka ghafla kwamba babu zao walikuja kwa jahazi. Siwacheki. Mwenye njaa hukumbuka mengi. Lakini tulipaswa kujifunza tangu wakati ule kwamba daftari la serikali likiulizwa habari za damu hujibu habari za mchele.

Sisemi haya juu ya wale waliokimbia baada ya Januari 1964, wakaacha nyumba na makaburi. Sultan Qaboos alipotwaa ufalme mwaka 1970 na kuwaita Waomani wa ng'ambo, wengi wao walikwenda kwa kuwa hawakuwa na pengine pa kwenda. Huko pia shekhe wa kabila aliombwa kushuhudia kwamba fulani ni wao, na waliokuwa wakiitwa Wamanga Unguja wakajikuta wakiitwa Wazanzibari Masqat. Lugha yao, ambayo ni hii yetu, ndiyo iliyowafichua. Hao walilipa gharama yao, nami nawavulia kofia.

Nasema juu ya anayekwenda kutafuta mshahara, jambo la halali kabisa, kisha akalivika joho la marejeo ya nyumbani. Kwa Sheria yetu ya Uraia ya 1995, mtu mzima anayetwaa uraia mwingine kwa hiari yake huupoteza wa Tanzania. Na atambue kwamba sheria hiyohiyo humhesabia mtoto aliyezaliwa ng'ambo kwa baba au kwa mama. Atauacha mlango mpana aingie katika mwembamba, na siku binti yake atakapoolewa na mgeni, wajukuu watakaa nje wakibisha hodi. Aende kwa macho wazi, aseme nafuata riziki. Hakuna atakayemlaumu, mimi wa mwisho.

Barua niliinukuu yote, neno kwa neno, na mstari wa yule bibi pale pale mzee alipouweka, nikatia sahihi chini yake. Kijana aliisoma amesimama mlangoni, akauliza iwapo lile jina la ua ndilo alilopewa na wazazi wake. Nikamwambia kwamba aghalabu majina hayo walipewa na waliowanunua. Akaikunja barua, akaondoka.